Wifi Yangu na Chupa ya Kifaru

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni bwana afya, yaani mkaguzi wa afya. Ndivyo kazi yenyewe inavyoitwa tangu zamani. Watu walipoona aliyeajiriwa ni mwanamke wakamwita Bibi Afya, na alipoanza kukagua vileo madukani wakambandika jina lingine, Mama Lebo. Yeye huitika yote. Husema jina halimchubui mtu ngozi.

Ni mrefu, mwembamba, na mkoba wake wa ngozi hauachi hata akienda kanisani. Ndani mna rula, tochi, kioo cha kukuzia maandishi, na daftari. Rula ni ya kupimia maandishi ya onyo, maana wenye viwanda hupenda kuandika onyo kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Akiingia dukani hatangulizi ukali. Atasalimia, atauliza hali ya watoto, atasifu usafi kama upo, ndipo aombe kuziona chupa. Wenye maduka wamemzoea. Wakimwona anakuja kwa mbali huambiana, "Geuzeni, geuzeni," na akifika anakuta chupa zote zimetazama ukutani kama watoto waliopewa adhabu.

"Hizi leo zimenuna," husema, na kuzigeuza moja moja.

Lakini wifi yangu ana aibu. Simsemi, na yeye mwenyewe anajua ninaandika. Alifiwa na mume mapema, akamlea binti yake wa pekee peke yake, na katika nyumba ile hakuna kitu cha chini ya kitovu kilichowahi kutajwa kwa jina. Hata choo alikiita kule. Sasa fikiria bwana afya ambaye kazi yake nusu nzima ni vyoo. Alikuwa anasimama mbele ya mkutano, anasema, "Ndugu zangu, mkitoka kule, nawaomba mnawe mikono." Watu wa nyuma wanauliza, "Kule wapi, Mama?" Anajibu, "Kule mnakokujua." Na wananawa. Kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba aibu hiyo ina hasara, mpaka ilipokuja ile chupa.

Mimi napika chai katika ofisi hiyo hiyo anayofanyia kazi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Jiko langu liko ubavuni mwa chumba cha mikutano, na katikati kuna kidirisha cha kupitishia vikombe. Siwasikilizi watu. Nasikia tu.

Mambo yalianzia kwa fundi cherehani, jirani yetu, ambaye pia huimba sauti ya nne katika kwaya. Wifi alikwenda kupimwa joho la kwaya. Fundi akiwa anashona, wifi aliona anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, ule wa kulia ameuweka pembeni juu ya kitambaa.

"Fundi, mguu una nini?"

"Kidonda kidogo, dada. Kitakauka."

"Na vidonge vyako vya sukari, unameza?"

Fundi akacheka kicheko cha mtu mwenye habari njema. Akaingiza mkono chini ya vitambaa akatoa chupa ndogo yenye picha ya kifaru aliyeinua pembe. "Vidonge tumeachana. Hiki kinashusha sukari, kimeandikwa hapa. Asubuhi kizibo kimoja, jioni kizibo kimoja."

"Fundi, wewe si hunywi pombe?"

"Sinywi. Tangu nizaliwe sijaonja. Hii ni dawa."

Wifi akavaa miwani akasoma. Kileo, tena kikali. Kinashusha sukari. Kinaondoa presha na maumivu ya mgongo. Na mstari wa tatu, wenye herufi kubwa kuliko yote, alipoufikia aliirudisha chupa mezani kama iliyomchoma.

"Na haya ya chini?" akauliza akitazama pembeni.

"Hayo sikuyasoma," alisema fundi, akainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

Siku ile ile alimpeleka zahanati. Muuguzi alipokisafisha kile kidonda na kupima sukari, alitikisa kichwa. Alisema kidonda hakijaoza, Mungu ni mwema, ila mgonjwa akiendelea bila vidonge mwezi mmoja zaidi, watakuja kuzungumza habari nyingine kuhusu vidole. Wifi akadhani hapo maneno yamekwisha. Wakiwa njiani fundi akamwambia kwa upole kabisa, kwa sababu ni mtu mpole, "Dada, nakushukuru, lakini chupa ile ina mhuri wa ofisi yenu. Ingekuwa inasema uongo, mngeiachia iuzwe? Siku mtakapoyafuta maneno, siku hiyo nitarudi kwenye vidonge. Kabla ya hapo mimi nasadiki maandishi."

Wifi alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda cha jikoni, chai ikapoa mkononi mwake. "Anasadiki mhuri wetu," alisema. "Sisi ndio tunaomlevya mwana kwaya."

Sheria yenyewe haina mafumbo. Imebandikwa ofisini chini ya saa ya ukutani: kileo kisitangazwe kuwa kinatibu ugonjwa, wala kuwa kinaongeza nguvu za mambo ya mume na mke. Ilivyo ni kwamba kiwanda kilipoomba kibali kilileta lebo nyingine ya adabu, kikapigiwa mhuri, halafu kikachapisha hii na mhuri ule ule. Wifi akachukua chupa sita kutoka maduka sita, akaandika ripoti yake kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo, akaipeleka kwenye kamati ya vibali.

Kamati ile huongozwa na mwalimu mstaafu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele. Akaisoma ripoti kimya, akaiweka chini.

"Bibi Afya, hapa umeandika, 'Lebo ina maneno mawili ya uongo kuhusu magonjwa, na moja lisilosemeka.' Ndilo lipi hilo?"

"Ni lile lisilosemeka, Mwenyekiti."

"Mwanangu, sheria haiwezi kukataza kisichotajwa."

Mwenye kiwanda alikuwa amekaa upande wa pili, kijana mtanashati, viatu vinang'aa, manukato yake yanafika mpaka jikoni kwangu. Akasimama kwa adabu akasema kwamba anaheshimu kamati, lakini hawezi kujibu shitaka ambalo hata mshitaki anaona haya kulisema. Wajumbe wakacheka. Wifi akatazama kiatu chake. Ripoti ikarudishwa. Akapewa wiki moja kuja kusoma lebo yote mwenyewe kwa sauti, mbele ya mwenye mali, na karani aandike neno kwa neno, kama utaratibu unavyotaka. Na siku hiyo ndiyo kibali cha kifaru kilikuwa kinaisha. Lebo isiposomwa, kibali kinaongezwa mwaka mzima, na fundi ataendelea na vizibo vyake.

Mtu atasema, si asome tu, mstari mmoja unamshinda nini mtu mzima? Tatizo ni karani. Karani wa kamati ile ndiye mkwe wake, aliyemwoa binti yake wa pekee miezi mitatu kabla. Wifi kwa mkwe wake ni mtu wa kujitanda vizuri kabla hajamsalimia. Akimkuta kwenye korido hupisha ukutani, na kijana naye hupisha ukuta wa pili, korido inabaki tupu katikati, na wenye haraka hupitia hapo. Sasa mtu huyo ndiye amtajie, asikie vizuri, aandike.

Jioni mbili kabla ya siku yenyewe alikuja nyumbani tufanye mazoezi.

"Funga mlango, wifi," akaniambia.

"Umefungwa."

"Na dirisha."

Nikafunga na dirisha, tukaanza kutokwa jasho. Akashika chupa, akasoma mstari wa kwanza vizuri, wa pili vizuri, alipofika wa tatu akaanza kuguna wimbo wa kwaya.

"Wifi, hayo hayajaandikwa hapo."

"Najua. Nimepitia tu."

Akajaribu tena. Mara hii alifika neno la pili akacheka, mimi nikacheka, tukacheka mpaka mume wangu akaita kutoka sebuleni, "Kuna nini huko?"

"Tunasoma," nikamjibu, na haikuwa uongo.

Kabla hajaondoka alipata ujumbe kutoka kwa binti yake. Mkwe amesikia habari, amesema mama asijali, siku hiyo yeye ataziba masikio. Wifi akausoma mara mbili. "Sasa ataandikaje akiwa ameziba masikio?" Akairudisha simu mkobani. "Niombee, wifi. Katika maisha yangu nimeomba mvua, nimeomba afya, nimeomba mtoto afaulu. Sikujua nitakuja kuomba nisione haya."

Nikamwombea. Sikujua maneno gani yanafaa kwa ombi la namna ile, kwa hiyo nilimwambia Mungu tu kwamba yeye ndiye aliyetuumba na viungo vyote, hakuna kilicho kigeni kwake.

Siku ikafika. Nilipanga vikombe mapema, kidirisha nikakiacha wazi kwa ajili ya hewa. Wifi aliingia na gauni lake la kijivu la Jumapili, na mkoba. Mkwe alikuwa ameinamia karatasi zake hata kabla mkutano haujafunguliwa. Fundi cherehani naye alikuja, akakaa kiti cha nyuma, mguu umefungwa bandeji safi, chupa yake mfukoni.

Mwenye kiwanda akaomba kusema kwanza. "Mwenyekiti, tusipoteze muda wa wazee. Maneno yale ni utani wa biashara. Kuna mtu hapa anasadiki kweli kwamba kifaru anaweza kuingia kwenye chupa?"

"Fundi anasadiki," alisema wifi.

Watu wakageuka. Fundi akapunga mkono kidogo, kama mtu aliyetambulishwa kwa wageni.

"Kama ni utani," Mwenyekiti akamwambia kijana, "tusomee basi nasi tucheke. Utani haumshindi mwenyewe."

Kijana akachukua chupa kwa madaha. Akasoma mstari wa kwanza akiigiza sauti ya redio, akasoma wa pili. Na wakati huo huo ndipo Mwenyekiti alipokuwa ameagiza chai, kwa hiyo mimi nikaingia na sinia. Kijana akaniona. Niseme tu kwamba nimefundisha watoto wadogo kanisani miaka mingi, na huyo alipita mikononi mwangu akiwa hana meno ya mbele.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Endelea, mimi naweka vikombe tu."

Akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Akakohoa. "Mwenyekiti, mbele ya mama huyu siwezi. Huyu amenifundisha Amri Kumi."

"Lakini umeliandika barabarani wanakopita mama wote," Mwenyekiti akamwambia, na sauti ile ya kengele ikawa chini kidogo. "Umeliweka dirishani kwa muuza mkate. Watoto wanajifunzia kusoma pale. Kwa hao hukuona haya?"

Kijana akakaa. Nikadhani mambo yamekwisha, nikataka kutoa sinia. Mwenyekiti akasema utaratibu ni utaratibu, aliyezikamata chupa ndiye asome yote, la sivyo hana la kuandikiwa. Akamgeukia wifi. "Mwanangu, unajua wanavyosema. Mficha uchi hazai."

Wajumbe wakaangua kicheko, na hata mimi, Mungu anisamehe, kikombe kilicheza kwenye kisosi. Wifi hakucheka. Alikuwa amemtazama fundi, na fundi alikuwa ameingiza mkono mfukoni, ameishika chupa yake, anangoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Jioni ilikuwa bado, kizibo cha pili kilikuwa bado.

Wifi akasimama. Akaishika chupa kwa mikono miwili, akaiinua usawa wa macho, akasoma kwa sauti ile anayosomea somo la kwanza kanisani, taratibu, kila neno likisimama kwa miguu yake. Nanyi wasomaji mnisamehe, nitaandika alivyosoma, kwa sababu siku ile nilijifunza kwamba kuna mambo yakinyamaziwa yanaendelea kuuzwa.

"Kinywaji cha Kifaru. Kinashusha sukari. Kinaondoa presha na maumivu ya mgongo. Kinarudisha nguvu za kiume kwa dakika kumi na tano, mke mwenyewe atakushukuru asubuhi."

Kalamu ya mkwe ilikuwa inakwaruza karatasi, uso wake uko chini kiasi kwamba pua ilikuwa inakaribia wino. Kisha kalamu ikasimama.

"Samahani, ma... samahani, Mkaguzi," alisema bila kuinua kichwa. "Mstari wa tatu. Naomba urudiwe. Kalamu imegoma."

Nilimwonea huruma yule mtoto kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Lakini wifi yangu hakutetereka. Aliisogeza miwani, akaurudia mstari wote, polepole zaidi, kama mwalimu anayetoa imla, na mwishoni akasema, "Nukta."

"Nimeandika," alisema mkwe.

"Na neno 'asubuhi' umeliandika?"

"Nimeandika, mama."

Baada ya hapo mambo hayakuchukua muda hata wa kumaliza chai. Mwenyekiti akauliza kiwanda kama kina cheti chochote cha daktari kinachothibitisha hayo maneno, kijana akasema hana. Akauliza kama lebo ile ndiyo iliyopigiwa mhuri, akasema siyo. Kamati ikaamua kibali kisimame, lebo zote zibanduliwe chini ya macho ya Bibi Afya, na kila duka lililouza libandike tangazo kwamba maneno yale hayakuwa kweli. Yule kijana hakubisha. Nadhani kama kuna mtu aliyekuwa na hamu ya kutoka mle chumbani kuliko mkwe, ni yeye.

Mkwe alikusanya karatasi zake akatoka. Kwenye korido wakakutana, yeye na mama mkwe wake. Kila mmoja akashika ukuta wake. Halafu nikamsikia mkwe anasema, "Mama, umesoma vizuri," na wifi akajibu, "Na wewe umeandika vizuri, baba." Wakaendelea na safari zao. Binti ameniambia mumewe alipofika nyumbani alilala mapema, akasema kichwa kinamuuma, ila alikuwa anacheka peke yake chini ya shuka.

Kesho yake asubuhi nilipata ruhusa nikaenda kuona. Mbele ya ghala la kiwanda walipanga mabeseni ya maji juani, wanaume saba wamekaa kwenye makreti, wanaloweka chupa na kukwangua lebo kwa visu vya mezani. Vifaru vilikuwa vinaelea kwenye maji, vingine havina pembe. Wifi alikuwa anapita katikati yao na kioo chake, akiona karatasi imebaki shingoni mwa chupa anairudisha. "Bado hii inasema. Kwangua mpaka inyamaze."

Mwenye kiwanda naye alikuwepo, amekunja mikono ya shati. Akamletea karatasi ya lebo mpya aangalie kabla ya kuomba kibali tena. Jina, kiwango cha kileo, onyo kwa herufi za kuonekana. Chini palikuwa na nafasi tupu.

"Hapa niandike nini, mama? Watu watauliza kinafanya nini."

"Kinalewesha," wifi akamwambia. "Hilo ni kweli, andika."

Saa nne akaja fundi cherehani akichechemea. Alichukua chupa moja iliyokwanguliwa, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, glasi tupu. Akatoa yake mfukoni akaitumbukiza kwenye beseni na zile nyingine. Kisha akatoa bahasha ya zahanati, akaomba maji ya kunywa, akameza kidonge chake mbele ya wifi, akafungua mdomo kumwonyesha kimekwenda, kama mtoto.

"Mimi ni mtu wa neno langu," akasema. "Yamefutwa, nimerudi."

"Asante, fundi."

Akasimama pale kidogo, anazungusha kofia mkononi. Wale wanaume waliokuwa wanakwangua walikuwa wanapiga soga za mpira. Fundi akasogea karibu, akashusha sauti. "Dada, na ule mstari wa tatu. Nao ni uongo?"

Visu vikaacha kukwangua. Nikajua wifi yangu ataguna wimbo, au atasema kule, au atatazama kiatu. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Nao ni uongo, fundi," akasema, wala hakushusha sauti. "Nguvu za kiume hazimo kwenye chupa. Sukari ikipanda nazo zinapungua, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na hauna aibu. Meza vidonge, na ukienda zahanati mwambie daktari hivyo hivyo, kwa jina lake."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, akavaa kofia yake. Wanaume kwenye makreti walikuwa wameinamia mabeseni, kila mmoja ana chupa mkononi na hakuna anayekwangua. Mmoja, mwenye mvi kidevuni, akauliza bila kumtazama mtu kama zahanati hufunguliwa na Jumamosi. Wa pili akasema yeye pia alitaka kuuliza hilo hilo. Wifi akafungua daftari lake, akakata karatasi mbili, akawaandikia saa za zahanati.